Usingizi wa Mwanamke na Siha ya Mwili Wake katika Nyanda za Ufipa

Mada iliyosomwa mbele ya semina ya wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya, Sumbawanga



Jua la Sumbawanga na saa ya Sumbawanga haviendi pamoja. Mji huu u karibu na nyuzi 31 na nusu za longitudo ya mashariki, ilhali saa tunayoifuata nchi nzima imepangwa kwa nyuzi 45, mstari upitao mbali baharini mashariki ya Pemba. Kwa hiyo adhuhuri ya kweli hutufikia hapa saa saba kasoro dakika chache, na mwezi wa Juni, baridi ya Ufipa inapokuwa imeshika, jua huchomoza saa moja ya asubuhi imekwisha kupita, yapata nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Lakini shule, zamu ya hospitali na basi la Mbeya havimngojei mtu mpaka kupambazuke. Mwenye kulipa tafauti hiyo aghalabu ni mwanamke, kwa kuwa ndiye aamkaye saa kumi na moja, akawasha moto, akakoroga uji, akawaandaa watoto, ndipo akashika jembe au akavaa sare ya kazi. Na usiku yeye ndiye alalaye wa mwisho, vyombo vikiisha kuoshwa na mtoto mchanga akiisha kunyonya.

Mintarafu ya yale yatendekayo mwilini saa hizo, elimu ya karne iliyopita imetufumbulia mengi. Ndani ya ubongo mna tezi ndogo, kiasi cha punje ya mchele, itoayo homoni iitwayo melatonini, ambayo Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale aliitenga mwaka 1958. Huzidi katika damu giza liingiapo na hupungua macho yapatapo mwanga wa asubuhi. Kazi yake si kuleta usingizi tu. Kongosho nalo huisikia, na wakati melatonini ni nyingi hupunguza kutoa insulini, ile homoni ya kuitoa sukari katika damu na kuiingiza misulini. Ndiyo sababu chakula kile kile kikiliwa usiku sana huacha sukari nyingi zaidi katika damu kuliko kikiliwa mchana. Chai yenye sukari tele na maandazi, vikinywewa na kuliwa saa mbili kabla ya jua, humkuta mwanamke ambaye kongosho lake halijaachiliwa na usiku. Homoni nyingine, kotisoli, huenda kinyume cha melatonini: hupanda kuelekea alfajiri, ikaliamuru ini kutoa akiba yake ya sukari, na hushuka kabisa karibu na usiku wa manane, isipokuwa kwa aliyepunjwa usingizi, ambaye kwake hukawia kushuka. Wako na wajumbe wawili: leptini ya shibe, itokayo katika mafuta ya mwili, aliyoigundua Jeffrey Friedman huko New York mwaka 1994, na grelini ya njaa, itokayo tumboni, waliyoitangaza Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani mwaka 1999.

Mwaka huo huo wa 1999 Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter, katika Chuo Kikuu cha Chicago, waliwalaza watu 11 saa nne tu kwa usiku sita, nao wakaonekana kuishughulikia sukari vibaya, mithili ya watu walio mlangoni mwa kisukari. Utafiti wao wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba usiku miwili tu ya namna hiyo ilishusha leptini kwa asilimia 18 na kuipandisha grelini kwa asilimia 28. Haya ni makubwa. Lakini wote waliopimwa mara zote mbili walikuwa vijana wa kiume, na mimi siridhiki mwili wa mama wa Ufipa uhukumiwe kwa kipimo hicho. Mwanamke ana mwezi wake, ambao katika nusu ya pili projesteroni hupandisha joto la mwili. Ana mimba, ambayo kwa asili yake huifanya insulini isitiiwe sawasawa. Na ana umri wa kukoma hedhi, ambao humwamsha usiku kwa mawimbi ya joto hata katika baridi ya Julai.

Dhulma hiyo ya kielimu imeanza kurekebishwa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, wakiongozwa na Marie-Pierre St-Onge, walitoa matokeo ya wanawake 38 waliopunguziwa usingizi kwa saa moja na nusu kila usiku, kwa wiki sita; na tuzingatie kwamba huo ndio upungufu wa kawaida wa nyumbani, wala si mateso ya maabara. Ukaidi wa mwili kwa insulini ulizidi kwa karibu asilimia 15, na kwa waliokoma hedhi ukapita asilimia 20, wala kuongezeka kwa mafuta ya mwili hakukuwa ndiyo sababu. Jambo ambalo ningependa kila muuguzi alishike ni hili: sukari yao katika damu haikupanda. Kongosho liliongeza juhudi, likatoa insulini zaidi, na kipimo cha sukari kikatoa jibu la amani. Mama aweza kuondoka kliniki na kadi safi, kumbe mwili wake umekwisha kuingia katika deni.

Ninyi wauguzi wenyewe mmo katika hesabu hii. Uchunguzi wa muda mrefu juu ya wauguzi wanawake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, uliona kwamba waliofanya zamu za usiku za kupokezana kwa miaka 20 na zaidi walipatwa na kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58 zaidi ya wasiozifanya, ijapokuwa sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipitia katika unene.

Yawezekana mtu akauliza: mbona wazee wetu waliamka mapema na hawakuugua? Swali hili ni la haki. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, waliopimwa na kutangazwa mwaka 2015 pamoja na jamii nyingine mbili za wawindaji, hawalali saa nane. Jamii hizo kwa jumla hulala kati ya saa sita kasoro na saa saba na kitu, na unene kwao ni nadra. Lakini Mhadza hutembea mchana kutwa, hula mizizi na nyama ya porini, na usiku wake ni giza la kweli. Profesa Donald McLarty na wenzake, walipopima vijiji sita vya Tanzania, walikuta kisukari chini ya asilimia moja ya watu wazima, kama walivyoandika mwaka 1989. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9. Tangu siku za McLarty ulezi umepishana na unga mweupe, miguu imepishana na bodaboda, lami imefika kutoka Tunduma pamoja na soda zake, na taa ya umeme na simu vimeingia chumbani. Usingizi haba ambao mwili wa jana uliumudu, mwili wa leo unaubeba juu ya mizigo mingine, na hapo ndipo unapoelemewa.

Kwa hiyo ninaomba, kwanza, kila mama mjamzito, na kila mama aliyevuka miaka 45, aulizwe kliniki hulala saa ngapi na huamka saa ngapi, na jibu liandikwe kando ya uzito na shinikizo la damu. Nyumbani, mume na watoto wa kiume waliokwisha kupata nguvu washike moto wa alfajiri kwa zamu; sioni aibu yoyote katika hilo, na tuwaambie waume hivyo wazi siku za kliniki wanapowasindikiza wake zao. Chakula cha usiku kiliwe mapema. Katika wodi, zamu za usiku zisirundikwe juu ya muuguzi mmoja kwa sababu tu ni mpole na hakatai.

Na kwa wakuu wa elimu waliohudhuria: kuanzia Mei hadi Agosti, wakati wa watoto kufika shuleni usogezwe mbele nusu saa. Mama atakayelala nusu saa hiyo siku tano za juma atakuwa amerudishiwa saa mbili na nusu, na hakuna dawa katika ghala letu la mkoa iwezayo kumpa kitu hicho.