Mji Uanzie Sokoni



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya miji yetu miwili, Embu na Meru. Watu wengi wanauliza: katikati ya mji patafufuliwaje? Sisi tunaongeza swali lingine: patafufuliwa kwa faida ya nani?

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, mkoa uliofika hadi Moyale. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Embu ikabaki makao ya kaunti moja. Mtu wa Marsabit hana haja tena ya kuja huku kwa shughuli za mkoa, na chai aliyokuwa akinywa kwetu anainywa kwao. Meru nayo ilipata pigo mwaka 2014, Uingereza ilipopiga marufuku miraa. Wako kati yetu wasioipenda miraa kabisa, lakini tuseme ukweli: karo za watoto wengi zilitoka huko. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu.

Haya, mafiga mengine si tunayo? Kuna kahawa, chai, maziwa, ndizi, na maembe na ndengu za Mbeere. Mengi ya mazao hayo hupitia sokoni. Kwa hiyo mpango wa mji uanzie hapo, kwa mama mboga, kabla ya kufikiria maghorofa.

Mara nyingi mambo huenda kinyume. Soko jipya linajengwa mbali na stegi, akina mama wanahamishwa, lakini wateja hawawafuati. Baada ya muda mfupi wamerudi kando ya barabara, wanakimbizana na askari. Jamani, huyo mama si mkaidi. Anafuata miguu ya wateja.

Tumwangalie Nehemia. Kabla ya kusema neno alizunguka usiku akakagua kuta. Kisha kazi ikagawanywa, na wengine wakajenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Nasi tufanye hivyo. Kila kikundi kizunguke soko lake na daftari mkononi. Tuhesabu wanaouza ndani na wanaouza nje. Tuandike maji yanasimama wapi, vyoo ni vingapi, taa zinazimika wapi, malori yanapakulia wapi, na wateja wanashukia wapi. Tuwaulize wauzaji wenyewe, maana wao ndio wanaojua.

Halafu tupeleke karatasi hiyo mapema. Sheria ya Miji ya mwaka 2011 inawapa wakazi nafasi ya kushiriki katika mambo ya mji wao, na manispaa zina bodi zake. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika kwenye bunge la kaunti ifikapo Septemba 1, na makadirio ya bajeti ifikapo Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tukienda kulalamika Julai, tumechelewa, pesa zimeshapangwa.

Tukiitwa kwenye mkutano wa maoni, tusiwaachie wenye maduka makubwa peke yao. Mama mboga aende, na sisi wengine tumshikie kibanda mpaka arudi. Hiyo nayo ni huduma.

Mungu awabariki, na abariki kazi ya mikono yenu.