Mbegu Isiyo Mbegu



Nimekuja na haragwe. Nimeliloweka tangu jana jioni, sasa ganda linabanduka lenyewe. Nikilipasua, pale ukingoni mnaona mche mweupe: kizizi, na vijani viwili vilivyokunjana. Kilichobaki chote ni akiba ya chakula. Mmea umo humu tayari, unangoja udongo na maji tu.

Sasa tazameni lugha yetu inavyotutega. Tunasema "mbegu za kiume", na tukishasema mbegu, mwanamke anageuka shamba. Lisipootesha, lawama ni ya shamba. Shangazi yangu alirudishwa kwao kwa hoja hiyo baada ya miaka sita ya ndoa. Mumewe akaoa tena, na tena, wala hakikusikika kilio cha mtoto nyumbani mwake. Shangazi aliolewa kwingine, akazaa wanne.

Wazungu nao waliteleza papo hapo. Mwaka 1677 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, alichungulia manii kwa lenzi yake, akaona vijidudu vyenye mikia vikiogelea. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker akachora kijitu kilichojikunyata ndani ya kichwa cha kimoja. Haragwe lilelile! Ilibidi kungoja hadi 1876 ndipo Oscar Hertwig, aliyekuwa akitazama mayai ya wale wanyama wa baharini wenye miiba, maadui wa nyayo za wavuvi, achapishe kwamba kiini cha mbegu na kiini cha yai huungana.

Kama ni lazima tubaki shambani, basi seli hii ya kiume ni chavua, ule unga unaopeperuka kutoka kwenye mbelewele za mahindi. Ya binadamu ina kromosomu 23, nusu ya hesabu. Kichwani ina kifuko cha vimeng'enya, sehemu ya kati mitokondria za kuusukuma mkia. Akiba ya chakula haina. Urefu wake wote ni kama milimita 0.05, na sehemu kubwa ni mkia. Yai lina upana wa milimita 0.1 hivi.

Tena mbegu hutoka haijaiva. Mwaka 1951 Min Chueh Chang, Marekani, na Colin Austin, Australia, kila mmoja kivyake, walionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba mbegu hukaa kwanza saa kadhaa katika njia ya uzazi ya jike ndipo zipate uwezo wa kutungisha. Ndiyo maana siipendi ile hadithi ya mbio na mshindi. Hata zikifika, protini yao iitwayo Izumo, iliyopewa jina la hekalu la ndoa la Japani mwaka 2005, sharti ishikane na Juno, protini iliyo juu ya yai. Panya jike asiye na Juno hapati mimba.

Mbegu ikishaingia ndani ya yai, mitokondria zake huharibiwa. Kinachodumu hasa ni nusu ile ya kromosomu, ikiwamo X au Y inayoamua jinsia. Anayemlaumu mkewe kwa kuzaa wasichana watupu amekosea mlango.

Mwenzangu wa Idara ya Kiswahili ameniuliza: basi tuiiteje? Sina jina jipya. Nitasema "mbegu" mpaka nistaafu. Hadubini mbili ziko mlangoni, na slaidi zimeshawekwa. Ila pitieni kwanza hapa mbele, mlishike hili haragwe.