Ukiachishwa Kazi Baada ya Miaka 50

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Mabawa, Tanga)



Nimeombwa niseme machache juu ya mtu kupoteza kazi akiwa amevuka miaka 50. Nilipopewa mada hii nilitaka kukataa, maana mimi ni mtumishi wa Serikali wa miaka arobaini na kitu, na mshahara wangu bado unaingia. Lakini Katibu alinitazama kwa namna ambayo nilijua anamkumbuka marehemu baba yangu. Basi nitaanza na yeye.

Wakubwa mnaikumbuka Tanga ya miaka ya 1990. Kiwanda cha mbolea, kilichoanza kazi mwaka 1972, kilikuwa kimefungwa mwaka 1991. Mkonge, ulioletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893 na kututolea zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964, ulikuwa umeporomoka kabisa. Kamba za nailoni ziliuteka soko, na uendeshaji wetu wenyewe haukuusaidia, tuseme kweli. Miaka hiyo ikaanza ile Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, na neno "redandansi" likawa Kiswahili cha mtaani.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha mji huu. Mwaka 1995, akiwa na miaka 52, alipewa barua. Hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akafunga chakula nyuma ya baiskeli, akaenda zake. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Siku moja tuliruhusiwa mapema, nikateremka mjini na wenzangu, nikamkuta ameketi Bustani ya Jamhuri anatazama meli bandarini. Aliniita kando akaniambia, "Mwanangu, mama yako asijue." Nilikaa na neno lile miezi miwili. Alama zangu za hisabati za muhula ule, mwalimu wangu yupo hapa, anazikumbuka.

Kumbe mama alijua tangu wiki ya kwanza. Yeye ndiye aliyefua zile ovaroli, na hazikuwa na grisi. Naye akanyamaza, ili amsitiri mumewe.

Sasa sikilizeni. Muda wote huo, hapa hapa Mabawa, palikuwa na mashine ya kusaga iliyoharibika. Mwenyewe alihangaika, akamleta fundi kutoka Korogwe mara mbili, kwa nauli na posho, na mashine haikupona. Habari zilipovuja alikuja kwetu usiku, akasimama mlangoni akasema, "Fundi, wallahi nilijua uko kazini, ndiyo maana sikukusumbua." Baba aliitengeneza kwa siku moja na nusu. Baadaye akafuatwa na wenye mashine wa Pongwe na Muheza, na huko ndiko ilikotoka ada yangu hata nikamaliza. Lakini wenzake walioachishwa siku moja naye walikuwa wamekwisha kukusanyika wakadai malipo ya likizo zao. Jina la baba halikuwamo katika orodha, kwa kuwa alikuwa akiwakwepa njiani. Fedha ile hakuipata mpaka anakufa.

Simlaumu. Mtu aliyeitwa fundi kwa miaka 23 si rahisi kusimama barazani akasema sina kazi. Ila nimeyaona haya haya kwa wenzetu wawili wa shule hii, tena miaka ya karibuni, na siku hizi kunyamaza kuna hasara kubwa zaidi, kwa sababu sheria inahesabu siku. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Miezi miwili bustanini, na siku hizo zimekwisha. Na mwajiri anayepunguza watu anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana nao kabla, si kugawa barua getini.

Hesabu ya kiinua mgongo huwashtua wengi. Ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, lakini miaka haihesabiwi zaidi ya 10. Aliyetumika miaka 25 hupata kwa sheria siku 70, sawa na wa miaka 10, isipokuwa mkataba wake uwe umempa zaidi. Kwa hiyo msiijengee nyumba kichwani. Wala msinunue gari la abiria wiki ya kwanza. Viinua mgongo vya zamani viliozea humo. Dai na hati ya utumishi kabla hujatoka, ni haki yako. Kwenye mfuko wa hifadhi, aliyeachishwa bila kujiuzulu, hajatimiza miaka 55, na amechangia miezi isiyopungua 18, ana fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Aliyetimiza 55 aulize kustaafu kwa hiari.

Kuhusu kutafuta kazi, nasema kama mtu niliye ndani: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji mpya asiyezidi miaka 45. Mlango huo umefungwa, msipoteze fedha kutoa nakala za vyeti. Kazi ya mtu wa miaka 50 hutoka kwa aliyewahi kuiona kazi yake. Andika majina: mtunza stoo wa zamani, dereva aliyeleta vipuri, bwana mdogo uliyemfundisha ambaye leo ni msimamizi mahali. Wafuate wewe mwenyewe. Usiseme "nitafutie kazi yoyote," maana hakuna anayeijua kazi hiyo, sema "natengeneza pampu," au "nafunga hesabu za mwaka." Na kazi ya wiki mbili ikija, ichukue.

Nanyi vijana, mkimwona baba yuko nyumbani saa nne asubuhi, msimhoji mbele ya wageni. Lakini mkibebeshwa siri kama niliyobebeshwa mimi, mpelekeeni mjomba au mwalimu mnayemwamini. Mimi sikufanya hivyo.

Ndugu Mwenyekiti, nimemwomba Katibu aweke daftari mezani pale mlangoni. Upande mmoja aandike aliyeachishwa kazi na anachokiweza. Upande wa pili aandike anayejua mahali panapotakiwa mtu. Upande wa pili nimekwisha kuandika mistari miwili: fundi wa majokofu, na mtunza hesabu wa chama cha ushirika.