Darasa la Awali: Kucheza Nako ni Kusoma

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Wazazi wengi tunaupenda msemo huu, lakini mtoto anapoanza shule tunataka udongo ukauke siku hiyo hiyo. Mtoto wa miaka mitano arudi nyumbani na daftari lililojaa a, e, i, o, u, na alama za vema kwa wino mwekundu.

Hivi karibuni nilishinda juma zima katika darasa la awali la shule moja ya msingi huko Kilwa Masoko. Jumatatu watoto walikuja na kauri na kombe walizookota pwani. Mwalimu hakuandika tarakimu ubaoni. Aliwaambia wapange mafungu ya tano tano, kisha wauziane. Walipunjana, wakabishana, wakahesabu upya. Kabla ya mapumziko walikuwa wanajumlisha na kutoa bila kuambiwa kwamba hiyo ndiyo hesabu.

Jumanne ilikuwa hadithi. Mwalimu alipoita "Paukwa!" darasa zima liliitika "Pakawa!" isipokuwa mtoto mmoja aliyehamia kutoka Kipatimu, ambaye nyumbani kwao wanasema Kimatumbi. Mwalimu akamwomba ataje wanyama wa hadithi kwa lugha ya kwao. Wenzake wakajaribu kumwiga, naye akawacheka matamshi yao. Tangu hapo hakunyamaza tena.

Jumatano walijifunza kunawa mikono kwa kibuyu chirizi, lile dumu linaloinamishwa kwa kukanyaga kamba. Alhamisi akaja bibi mmoja jirani kuwaonyesha kusuka ukili, maana vidole vinavyopishanisha miyaa ndivyo vitakavyoshika penseli. Ijumaa walifungua soko, wakauza pweza wa udongo.

Ijumaa hiyo hiyo mzazi mmoja alifika kumchukua mwanawe. Akafungua daftari, akakuta karatasi nyeupe. "Mwalimu, nimemleta asome, si acheze."

Mwalimu akamjibu kwa upole: "Baba, muulize kauri kumi ukitoa nne zinabaki ngapi."

Simlaumu mzazi yule. Nchi nzima tumezoea kuipima elimu kwa daftari. Lakini Mtaala wa Elimu ya Awali wa 2016 ulitaja umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, stadi za kisanii na dhana za kihisabati. Mwalimu yule aligusa karibu yote kwa juma moja, tena kwa vitu vya kuokota.

Jambo la kulaumiwa liko kwingine. Darasa lile lina watoto zaidi ya 60, wakati kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali mwaka 2016, darasa la awali likiwemo, watoto wamemiminika, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu niliyemwona anajitolea. Posho yake inatokana na michango ya wazazi, sawa na uji wa watoto. Msimu wa korosho na ufuta hupata chochote. Miezi mingine hupata shukrani. Siku akichoka akaondoka, atakayebaki na watoto 60 atafanya lililo rahisi: atawaimbisha herufi kutwa nzima, na madaftari yatajaa.

Nasi wa mijini tusijione bora. Tunanunua majoho ya mahafali ya chekechea, tunakata keki, tunapiga picha. Ni wangapi tumewahi kuuliza mwalimu wa mtoto analipwa nini, au ana watoto wangapi mbele yake? Serikali ina wajibu wa kuwaajiri walimu hawa, na sisi tuna wajibu wa kuikumbusha.

Jioni ya leo, ndugu msikilizaji, daftari liache kwanza. Muulize mtoto alicheza nini shuleni, umsikilize mpaka amalize.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.