Neno la Kweli Nyumbani mwa Mvuvi



Mvuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na kurudi alfajiri. Mkewe hakuwapo wavu ulipovutwa. Hana budi kuliamini neno la mumewe. Naye mke auzaye dagaa mwaloni Kibirizi, madeni yake huyajua mwenyewe. Hapo ndipo agano la ndoa hupimwa.

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hadi Agosti 15. Katika nyakati za namna hiyo, njaa huyafichua yaliyofichwa.

Tuwakumbuke Anania na Safira (Mdo 5:1-11). Shamba na fedha yake vilikuwa mali yao. Hawakulaumiwa kwa kubakiza sehemu, bali kwa kupatana kusema uongo. Nasi tusijidanganye kwamba tunaficha ili kulinda amani. Amani isiyo na kweli ni ukimya tu, na anayedanganywa hunyimwa haki yake ya kuamua.

Basi, siku za mwezi mpevu, taa zisipovuta dagaa, mume na mke waketi pamoja, wataje mapato na madeni yote. Anayesikiliza asikemee, ili kesho mwenzake asiogope kusema kweli.