Kura Yako Ni Ushahidi: Mazungumzo na Vijana wa Mukumu



Haya ndiyo niliyozungumza na vijana wetu hapa Mukumu baada ya swala ya Alasiri. Waliokosa kufika waliomba yaandikwe, basi haya hapa. Nimeyaacha karibu vile nilivyoyasema.

Ndugu zangu na dada zangu, majuzi kijana mmoja wa boda alinisimamisha pale steji ya Khayega. Hakuwa na maneno mengi. Aliniuliza: "Kaka, kwa wadi yetu wote wanaotafuta kiti 2027 ni Wakristo. Nikimpigia mmoja wao kura, halafu aende akaibe, ama apitishe jambo la kuumiza dini yetu, ile dhambi inaandikwa kwangu?" Akaniambia 2022 alikaa nyumbani kwa sababu ya hilo swali tu.

Sikumcheka. Huyo ni mtu anayemwogopa Mola wake, na swali lake ni la wengi wenu, ila nyinyi hamkuthubutu kuuliza. Mimi si sheikh. Fatwa mtaichukua kwa wanazuoni wetu. Mimi kazi yangu ni kupanga watu, na kwa huo upande nina maneno.

Kwanza tujue tunaishi wapi. Mukumu ni misheni. Wakatoliki wako hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, na mpaka leo kanisa, shule na hospitali yao ndivyo vinavyoupa mji huu jina. Ukitaka miji ya Waislamu wengi katika kaunti hii unaenda Mumias, kwa Nabongo Mumia, ambako dini ililetwa na wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani mwishoni mwa karne ya 19. Hapa kwetu tuko wachache. Kenya nzima, kwa hesabu ya watu ya 2019, sisi ni karibu asilimia 11. Na wengi wetu humu ndani tuna damu ya pande zote mbili. Kukhu wangu mzaa mama alikwenda misa kila Jumapili mpaka alipofariki, na ndiye aliyekuwa akiniamsha daku nikilala kwake Ramadhani.

Kwa hivyo ukisema utampigia Muislamu peke yake, hapa Mukumu umesema hutapiga kura. Na kiti hakibaki wazi kwa sababu wewe umekaa nyumbani. Mtu atakikalia, na atakayekikalia atajua kwamba upande wa msikiti hauna kura ya kumwogopesha.

Sasa dini. Wako wanaotaja aya ya 51 ya Suratul Maida, inayokataza kuwafanya Mayahudi na Manasara kuwa awliya. Aya ni haki, hatuirukii. Wako wanazuoni wanaoichukua kwa ukali. Wako pia wengi wanaoeleza kwamba makatazo hayo ni ya kujifunga na watu dhidi ya Waislamu wenzako, na kwamba lazima isomwe pamoja na aya ya 8 ya Suratul Mumtahana, ambapo Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Jirani yako wa Mukumu amekutoa nyumbani kwako lini?

Kumbukeni pia Najashi wa Uhabeshi. Waislamu wa kwanza walipozidiwa na mateso Makka, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza kwake. Ni kweli baadaye Najashi alisilimu. Lakini siku ile walipomwendea alikuwa mfalme Mkristo, na sifa aliyotajiwa ni moja: katika nchi yake hadhulumiwi mtu. Maswahaba walitumwa kwenye haki.

Wanazuoni wengi wa zama zetu wanaifananisha kura na ushahidi. Unaposhuhudia, unasema: huyu namjua, anaweza hii kazi na ni mwaminifu. Na Suratunnisaa, aya ya 135, inatutaka tusimame na haki katika ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Sasa niambieni. Ukimpigia mtu unayejua ni mwizi kwa sababu anaitwa Juma, ushahidi wako ni wa kweli?

Hili nimelipitia. Kabla sijahamia huku, wadi niliyokuwa nikiishi alikuja mgombea mmoja, simtaji, wiki ya mwisho ya kampeni. Kanzu mpya, kofia mpya, salamu ndefu. Akaahidi ukuta wa makaburi. Tukampa kura zetu zote, hakuna aliyeuliza alifanya nini kabla. Alipita. Mpaka muhula ukaisha hatukumwona tena, hata Idd. Na huku Mukumu, siku mwili wa mzee wetu ulipozuiliwa mochari kwa sababu ya bili, na sisi tunataka kumzika kabla jua halijazama, aliyezunguka na sisi ofisi kwa ofisi alikuwa mama mmoja Mkatoliki, jirani tu, hana cheo. Tulizika saa kumi na moja na nusu.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi Mkristo ni bora, wala sisemi mpe tu kura mtu mzuri halafu ulale. Hilo nalo lina historia, na lazima tuiseme.

Tanganyika, 1953. Vijana wa Kiislamu wa Dar es Salaam, akina Abdulwahid Sykes, walikuwa na chama chao cha TAA. Uongozi ukaenda kwa mwalimu Mkatoliki kutoka Butiama, Julius Nyerere. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, ikazaliwa TANU. Waliomshika mkono walikuwa watu wa msikitini: Sheikh Hassan bin Ameir, Mzee Mshume Kiyate muuza samaki wa Kariakoo, Bibi Titi Mohamed aliyewatoa wanawake majumbani. Walimpima mtu kwa kazi iliyokuwa mbele yao, kumwondoa mkoloni. Uhuru ukaja 1961.

Katikati ya hayo alisimama mzee mmoja, Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU. Mwaka 1958 akauliza: tukishapata uhuru, Waislamu tuliobaki nyuma kielimu chini ya mkoloni tutafanyiwa haki kweli? Alifukuzwa chamani, na watu wakamtenga. Miaka kumi baadaye, 1968, jumuiya ya Waislamu ya EAMWS, iliyokuwa ikijenga shule, ilipigwa marufuku, na Sheikh Hassan bin Ameir mwenyewe akakamatwa na kurudishwa Zanzibar. Wako Waislamu wa Tanzania ambao mpaka leo jambo hilo linawauma.

Mimi nikisoma hayo, sioni kwamba wazee walikosea kumchagua Mkatoliki. Mkoloni alikuwa lazima aondoke. Walichokosa ni mahali pa kuliweka swali la Takadir. Lilikuwa swali la haki, likachukuliwa kama uasi, na hakukuwa na karatasi ambayo mtu angeweza kuirudia na kusema: tulikubaliana hivi.

Kwetu Kenya karatasi ilipatikana. Mwanzoni mwa 2007, watu waliokuwa wakikimbia vita Somalia walikamatwa, na baadhi yao, Wakenya pia, wakasafirishwa kwa ndege hadi Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mahakamani hapa. Waislamu walichoka. Agosti mwaka huo viongozi wa NAMLEF wakatia saini makubaliano na Raila Odinga, Mkristo, wamuunge mkono naye ashughulikie dhuluma kama hizo na ubaguzi wa vitambulisho. Madai yalikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba karatasi haikuwekwa wazi mapema. Ikatokea nyingine ya uongo, ikasambazwa, ikidai Kenya itatawaliwa kwa sharia. Makubaliano yenyewe yalipokuja kutolewa, hofu ilikuwa imeshaingia makanisani.

Kwa hivyo, vijana, tunafanya nini Mukumu kabla ya tarehe 10 Agosti 2027?

Tunaandika karatasi yetu. Ukurasa mmoja. Ardhi ya makaburi ya Waislamu. Utaratibu wa kutoa maiti siku hiyo hiyo. Msichana wetu asilazimishwe kuvua hijabu shuleni. Mnajua 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliokuwa umeiruhusu, kwa hivyo mbunge lazima atuambie msimamo wake. Kijana asizungushwe kitambulisho kwa sababu jina lake ni Abdalla. Halafu yale ya wote: basari zigawanywe kwa haki, barabara, maji. Haya ya mwisho tukae na majirani zetu Wakristo tuyaandike pamoja, kwa sababu matope ya barabara hayaulizi dini.

Kila mgombea anasomewa karatasi hiyo hiyo, mchana, mbele ya watu. Akiwa Muislamu anasomewa vile vile. Tunaibandika hapa kwenye ukurasa wetu, kila mtu aione, padri aione, asije mtu akasema tunapanga kitu gizani. Katiba iko nasi. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya serikali. Cha 32 kinalinda dhamira yako. Cha 91 kinakataza chama cha siasa kujengwa juu ya dini. Hatuombi utawala, tunaomba haki.

Na kuna mpaka. Mgombea akitaka tuache dini yetu ndio atusaidie, tunamwambia asante, njia ni ile. Akitoa soo mbili apewe kura, hiyo ni rushwa, na ushahidi wa kununuliwa mnajua hukumu yake.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa boda, yuko pale nyuma anajificha. Kwa ufahamu wangu, na ukamuulize sheikh pia, hutaulizwa siri ya moyo wa mtu ambayo hukuijua. Utaulizwa ulichojua. Ulimjua kwa wema ama kwa wizi? Ulimuuliza kitu, ama ulipokea fulana ukanyamaza? Na alipokosea, ulikwenda ofisini kwake ukamwambia, ama ulisubiri miaka mitano? Mwizi anabeba wizi wake. Wewe utabeba kunyamaza kwako.

Mwenye kitambulisho na hajajiandikisha, kesho tunakwenda pamoja ofisi ya IEBC. Tunakutana steji ya Khayega saa tatu asubuhi. Dada zetu mje pia, kuna gari.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, atuonyeshe batili tuiepuke. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.