Adabu ya Ulimi Wakati wa Dhiki ya Uchumi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa Kakese, Mpanda, mkoani Katavi)



Uchumi unapoyumba, ndimi nazo hulegea. Zamani matusi yaliishia barazani. Leo neno liandikwalo katika simu hapa Kakese hufika Mombasa papo hapo.

Tukumbuke Machi 2021. Tarehe 5, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Tarehe 10, serikali yao ikatangaza masharti ya kuyaruhusu tena, likiwemo la cheti cha kupimwa sumu hiyo. Zilipita siku tano tu. Mkulima aliyeipokea habari ya kwanza ikiwa imechanganywa na kejeli na vitisho angeweza kumwuzia mlanguzi magunia yake kwa bei ya kutupa. Aliyengoja na kuuliza angesalimika. Wala tusi halimfundishi mtu kukausha mahindi juu ya turubai badala ya udongo, na sumukuvu hukingwa kwa ukaushaji na uhifadhi mwema.

Wasomi wetu wametuonyesha njia iliyo bora ya kujadiliana. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na mshika kigoda wa kwanza akawa Profesa Issa Shivji. Katika mihadhara ya namna hiyo, siasa na uchumi hujadiliwa hadharani: mtoa mada hueleza, asiyekubali husimama akajibu kwa hoja, na kila mmoja humwona mwenzake usoni. Simu hutuficha nyuso, na haya ikatutoka.

Lakini Qurani Tukufu ilikwisha kutuwekea msingi. Katika Sura Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga; na katika aya ya 11 tumekatazwa kaumu moja kuidharau nyingine.

Huenda mtu akauliza: Mwenye njaa atasemaje kwa upole? Tunajibu: Nabii Musa na Haruni, amani iwe juu yao, walitumwa kwa Firauni aliyechinja watoto, nao wakaamrishwa kusema naye kwa upole. Hata hivyo hawakuficha ujumbe. Walidai Bani Israili waachiliwe. Basi adabu si kunyamaza. Tuulize juu ya mbolea, barabara na bei ya mazao. Tuulize kwa ushahidi, bila kumvunjia mtu heshima.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa mwenye kueneza uongo kwa makusudi. Muumini, hata asipofikishwa mbele ya hakimu, anajua kwamba malaika wanaandika.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kabla ya kuusambaza ujumbe, tujiulize: Ni kweli? Una manufaa? Tungeweza kuusema mbele ya mhusika? Likikosekana jibu, tuufute.

Mwenyezi Mungu atujaalie kauli njema na riziki ya halali. Amin.